Shahada ya bayomedikali: maswali ninayoulizwa kila mara, na majibu yangu

Matokeo ya KCSE yakishatoka, simu yangu haipumziki. Shangazi ana jirani, jirani ana kijana aliyepata B ya kwanza nyumbani kwao, na kijana ameona neno "bayomedikali" kwenye orodha ya kozi. Nilisomea kozi hiyo, na leo riziki yangu ni hadubini katika maabara moja hapa Kisumu. Nimechoka kurudia majibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika 9, kwa hivyo nimeyaandika.

Bayomedikali ni nini hasa? Mama anawaambia watu kanisani kwamba nasomea udaktari.

Mrekebishe kwa upole, kabla hajaanza kuletewa wagonjwa sebuleni. Daktari humwona mgonjwa. Sisi huona sehemu ndogo ya mgonjwa: damu yake kwenye chupa, mkojo, kinyesi, makohozi, kipande cha nyama kilichokatwa katika upasuaji. Tunasoma mwili ukiwa mzima unafanyaje kazi, ukiugua nini huharibika, na uharibifu huo unapimwaje. Anatomia, fiziolojia, bayokemia, jenetiki, kinga ya mwili, vimelea, bakteria, virusi, na jinsi dawa zinavyofanya kazi: yote yamo. Daktari anapoandika "ana malaria" au "sukari imepanda", mara nyingi kuna mtu kwenye chumba cha nyuma aliyemwambia hivyo kwanza.

Ina tofauti gani na sayansi ya maabara ya tiba? Na uhandisi wa bayomedikali?

Uhandisi ni jambo jingine kabisa. Mhandisi hutengeneza na kukarabati mashine za hospitali: zile za eksirei, za kusafisha figo, za hewa ya oksijeni. Ukipenda nyaya na bisibisi, nenda huko.

Sayansi ya maabara ya tiba ni ndugu yetu wa karibu, na hapa ndipo watu huteleza. Masomo yanafanana kwa sehemu kubwa, ila ile imefumwa tangu mwanzo kumtoa mtu wa kupima wagonjwa hospitalini, nayo bayomedikali kwa kawaida hutazama zaidi utafiti wa kisayansi. Tofauti hii huonekana ndogo mwaka wa 1. Mwaka wa 4 haiwi ndogo tena, na swali linalofuata linaeleza kwa nini.

Nikimaliza, nitaruhusiwa kufanya kazi katika maabara ya hospitali?

Kama utasoma jibu moja tu, soma hili.

Kenya, kazi ya maabara ya tiba inasimamiwa na sheria ya mwaka 1999 iliyounda bodi tunayoiita KMLTTB. Bodi hiyo husajili watu na hutoa leseni. Huna usajili, huna ruhusa ya kutoa majibu ya mgonjwa, hata uwe na shahada ya daraja la kwanza iliyowekwa fremu ukutani. Na ili usajiliwe, kozi uliyosoma na mahali ulikosomea ni lazima viwe vimekubaliwa na bodi. Chuo kuwa na kibali cha kufundisha ni jambo moja. Kozi kukubaliwa na bodi ya taaluma ni jambo la pili. Watu huchanganya mambo haya mawili mpaka siku ya kujisajili.

Nilikuwa na rafiki, tulikaa benchi moja tangu muhula wa kwanza. Chuo sitakitaja. Tulipoingia tuliambiwa kwa mdomo kwamba usajili "utashughulikiwa." Hatukuuliza nani atashughulikia, wala lini. Miaka 4 baadaye rafiki yangu alikwenda kuulizia, akarudi na bahasha yake vilevile alivyotoka nayo. Baba yake alikuwa ameuza ng'ombe 2 na kipande cha shamba. Aliishia kufanya kozi nyingine juu ya ile ili apate mlango, na leo yuko sawa, lakini miaka hiyo hakuna aliyemrudishia. Mimi nilipita njia ndefu pia, kupitia utafiti.

Kwa hivyo fanya hivi kabla hujalipa hata shilingi. Iandikie bodi yenyewe, au ingia kwenye tovuti yake, uulize kama kozi hiyo, kwa jina lake kamili, katika chuo hicho, inakubaliwa kwa usajili mwaka huu. Neno moja kwenye jina la kozi linaweza kubadilisha jibu. Kisha muulize mkuu wa idara kama wanafunzi huandikishwa na bodi wakiwa bado masomoni na kupewa nambari. Omba jibu kwa maandishi. Mtu akikujibu "usijali", anza kujali.

Kama moyo wako uko kwenye utafiti, viwanda vya dawa, kufundisha au shahada ya uzamili, jambo hili halikubani sana. Lakini kijana wa miaka 18 hajui moyo wake utakuwa wapi akiwa na miaka 23, kwa hivyo uliza tu.

Nahitaji alama gani?

Kuingia shahada yoyote unahitaji angalau C+ ya jumla, na kwa kozi hii hiyo C+ peke yake haitoshi. KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, huangalia pointi za masomo ya kundi, ambazo huhesabiwa juu ya 48, na kemia na bayolojia ndizo nguzo. Pointi za mwisho za kuingilia hupanda na kushuka kila mwaka kulingana na walioomba. Usitegemee za kaka yako. Angalia tovuti ya KUCCPS dirisha la maombi likifunguliwa, usome na mahitaji ya kila somo moja moja, kwa sababu chuo kimoja hudai fizikia na kingine hukubali hisabati.

Neno kuhusu kemia. Wanafunzi wengi huja kwa sababu wanapenda bayolojia, halafu bayokemia inawapiga mieleka. Kama kemia ya kidato cha 4 uliisukuma tu kwa kukariri karatasi za miaka iliyopita, tumia hiyo miezi ya kukaa nyumbani kurudia moli na ukolezi wa mmumunyo. Hesabu ya kuzimua, ile ya ujazo mara ukolezi, utaifanya mpaka ustaafu.

Upande huu wa nchi inafundishwa wapi?

Chuo Kikuu cha Maseno na Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro vimekuwa na shahada ya sayansi na teknolojia ya bayomedikali. Masinde Muliro, Kakamega, wana sayansi ya maabara ya tiba. Viko na vingine, lakini hivi ndivyo ninavyoulizwa zaidi.

Kwa maisha: Maseno iko juu kidogo kutoka Kisumu kwenye barabara ya Busia, karibu kabisa na mstari wa Ikweta, na jioni kuna baridi ambayo mtu wa Nyalenda au Ahero hakuitarajia. Wengi hupanga Mabungo au Nyawita, wengine Luanda. Njoro ni baridi zaidi; beba blanketi la kweli, si lile la kupigia picha. Ukitoka Nakuru mjini ni safari fupi ya matatu, na wenye jamaa mjini hujaribu kuokoa kodi kwa kwenda na kurudi. Inawezekana, mpaka wiki ya maabara za saa 1 asubuhi.

Karo nitaipata wapi?

HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, hutoa mkopo, na riba yake kwa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Kuanzia 2023 serikali ilileta mpango mpya unaopanga wanafunzi kwa madaraja kulingana na uwezo wa familia, ufadhili ukichanganywa na mkopo. Mpango huo umeshapelekwa mahakamani, kwa hivyo usisome maelezo ya mwaka juzi. Soma ya mwaka wako. Basari za eneo bunge na za kaunti huwa ndogo, lakini zinalipa kodi ya nyumba muhula mmoja. Fomu zinataka sahihi ya chifu. Mwamkie chifu mapema, usisubiri siku ya mwisho foleni ikiwa imefika kwenye mwembe.

Watu husahau gharama ndogo: glavu pale chuo kinapoishiwa, nauli ya atachimenti (mafunzo ya kazini), kuchapisha ripoti. Weka kando kitu.

Tunasoma nini kila mwaka?

Mwaka wa 1 ni kama kidato cha 5 ambacho hakipo: kemia, bayolojia ya seli, hisabati kidogo, kompyuta, stadi za mawasiliano. Wengi huuona mwepesi, hulala, na hupata sapu, yaani mtihani wa kurudia. Mwaka wa 2 mlima unaanza, na bayokemia, fiziolojia na histolojia huja kwa pamoja. Mwaka wa 3 ndio mtamu: vimelea, bakteria, virusi, kinga, damu, jenetiki ya molekuli. Mwaka wa 4 kuna mradi, takwimu, maadili ya utafiti, na masomo ya kuchagua.

Lugha ya darasani ni Kiingereza, na msamiati wake ni wa Kigiriki na Kilatini. Usikariri neno zima, livunje. "Hepa" ni ini, "nefro" ni figo, "hema" ni damu, "itisi" mwishoni ni uvimbe unaowaka. Ukiwa na vipande kama 60 hivi, neno refu halikutishi tena. Mimi usiku nilikuwa namweleza bibi yangu kwa Kiswahili nilichosoma mchana. Nikikwama, najua sikuelewa. Bibi alikuwa hakatai kusikiliza, ila wakati wa figo alinyamaza sana kisha akaniuliza kama nimekula.

Maabara yenyewe ikoje? Nieleze kitu kimoja hasa.

Nichukue slaidi ya malaria, maana huku kando ya ziwa ndiyo ugali wetu wa kila siku.

Kwenye kioo kimoja unaweka matone 2 ya damu. Tone la kwanza unalizungusha kwa kona ya kioo kingine mpaka liwe duara nene kama shilingi, ambalo ukiweka gazeti chini yake, kabla halijakauka, bado unasoma herufi kwa shida. La pili unalitandaza: kioo cha pili unakiegemeza kwa pembe ya kama nyuzi 45, kinagusa damu, damu inakimbia kwenye ukingo wake, kisha unasukuma mbele kwa mkono mmoja usiosita. Ukisita, unapata mistari kama bati la mabati. Mwisho wa utando uwe mwembamba, mviringo, kama ulimi.

Sasa siri. Utando mwembamba unauchovya kwenye methanoli ili seli nyekundu zibaki zima, uone kimelea kikiwa ndani ya nyumba yake na ujue ni aina gani. Utando mnene hauguswi na methanoli. Unataka seli nyekundu zipasuke na maji ya rangi yazioshe, zibaki seli nyeupe na vimelea tu, kwa sababu hapo umerundika damu nyingi mahali padogo na unatafuta mwizi kwenye umati. Mwanafunzi wa kwanza kuharibu slaidi darasani kwetu alichovya zote mbili. Ilikuwa mimi.

Rangi inaitwa Giemsa. Ikikaa vizuri, kiini cha kimelea huwa chekundu na mwili wake buluu. *Plasmodium falciparum*, ambayo ndiyo inayoua zaidi, huonekana kama pete ndogo yenye kito, wakati mwingine pete 2 ndani ya seli moja. Unatumia lenzi ya mara 100 na tone la mafuta, na huruhusiwi kuandika "hakuna" mpaka umepitia nyuga 100 za utando mnene, yaani sehemu 100 tofauti unazoziona kwa lenzi. Mia. Shingo inauma.

Ukiwaona, unawahesabu dhidi ya seli nyeupe 200. Tuseme umehesabu vimelea 50. Tunachukulia mtu ana seli nyeupe 8,000 katika mikrolita moja ya damu, kwa hivyo 50 mara 8,000 gawa kwa 200: ni vimelea 2,000 kwa kila mikrolita. Nambari hiyo daktari anaisubiri. Kesho ukirudia na ikawa 90, dawa inafanya kazi. Ikiwa 5,000, mtu apigiwe simu.

Si kuna kile kipimo cha haraka cha malaria? Kwa nini tuumize macho?

Kipo, ni kizuri, na kijijini kimeokoa watu wengi. Lakini vingi vya vipimo hivyo hutafuta protini inayoitwa HRP2, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto amemaliza dawa, amepona, anacheza mpira, kipimo bado kinasema ana malaria. Upande wa pili, kuna vimelea vilivyopoteza jeni ya kutengeneza HRP2. Vinapita mbele ya kipimo kama mtu asiye na kitambulisho. Na kipimo hakikuhesabii. Kinasema ndiyo au la.

Naogopa damu. Niache?

Hapana. Kila darasa huanguka watu, na mara nyingi ni wale wavulana wakubwa wa raga. Kula asubuhi, kaa chini siku ya kwanza ya kutoa damu, sema mapema kwamba unaogopa. Kwa wengi huisha baada ya wiki chache. Kisichoisha ni harufu ya kinyesi kilichokaa Jumatatu asubuhi, na kwa hiyo sina dawa.

Nikijidunga sindano?

Finyilia hofu, kisha: osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue wala kunyonya, mwambie msimamizi dakika hiyohiyo. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanzwa mapema kadiri inavyowezekana, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa siku 28. Wanafunzi huficha kwa aibu. Aibu haina maana yoyote mbele ya saa inayokimbia.

Na kabla ya kwenda hospitali yoyote, pata chanjo ya homa ya ini ya aina B. Ni dozi 3: ya kwanza, nyingine baada ya mwezi 1, ya mwisho miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Hesabu nyuma kutoka tarehe ya atachimenti uone unatakiwa kuanza lini. Usirudishe kifuniko kwenye sindano iliyotumika, hata kama muuguzi mwenye miaka 20 kazini anafanya hivyo mbele yako.

Haya tunayosoma yanatuhusu sisi, au ni ya Wazungu?

Swali hili aliniuliza mzee mmoja wa Siaya, na nililipenda.

Mwaka 1949, kijana aliyekulia Gilgil, hapo tu kabla ya Nakuru ukitoka Nairobi, alizunguka Kenya akikusanya damu. Jina lake Anthony Allison, mwanafunzi wa Oxford. Alikuta kitu cha ajabu. Pwani na huku karibu na Ziwa Victoria, watu wenye jeni ya selimundu, ile tunayoiita sikoseli, walikuwa wengi. Kwenye baadhi ya jamii walizidi asilimia 20. Nyanda za juu na kwenye ukame walikuwa adimu. Ugonjwa unaoua watoto ungewezaje kubaki na watu wengi hivyo? Unapaswa kujipunguza wenyewe kila kizazi.

Aliangalia ramani, akaona mbu. Mahali penye selimundu ndipo penye malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake: mtu aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu haugui selimundu, na malaria kali humpata kwa nadra zaidi. Aliyerithi kutoka kwa wote wawili ndiye anayeumia, mifupa na upungufu wa damu. Wazazi wawili wenye jeni moja moja wana uwezekano wa asilimia 25, katika kila mimba, wa kupata mtoto mgonjwa. Kila mimba, si "mmoja kati ya wanne mkishazaa wanne". Hapo watu wengi hukosea, hata waliosoma.

Sasa rudi kijijini. Nyumba iliyozika watoto 3 haikosi mtu wa kunong'ona kwamba ni chira, laana ya kuvunja mwiko, na mara nyingi lawama humwangukia mama. Kipimo cha himoglobini kinaonyesha kwamba jeni ilitoka pande zote mbili. Nimewahi kuona majibu hayo yakisomwa mbele ya baba na mama. Baba aliuliza mara 2, "Pia mimi?" Akakaa chini.

Ukipanda matatu ya Maseno kutoka Kisumu, utapita Kisian, kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba iliyoundwa 1979. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa Siaya na Kombewa kabla ya kuanza kutolewa kwa watoto Homa Bay mnamo Septemba 2019. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Damu iliyochunguzwa kwa kazi hiyo haikutoka mbali.

Atachimenti nifanyie wapi?

Mahali penye kazi nyingi na mtu wa kukufundisha. Hospitali kubwa kama ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo mwenyeji wa Kisumu akikuelekeza atasema tu "Russia" kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa 1969, itakuonyesha kila kitu, ila utagombea kiti na wanafunzi wengine wengi. Hospitali ya kaunti ndogo utashika hadubini kuanzia siku ya 2. Peleka barua miezi 3 kabla, kwa mkono, umevaa vizuri, na usimpite karani kama fanicha. Karani ndiye anayejua barua yako iko chini ya rundo gani.

Jaza kitabu chako kila jioni. Ukiacha hadi Ijumaa utaandika uongo, na msimamizi atautambua.

Mradi wa mwaka wa mwisho unatisha?

Kinachotisha ni vibali. Ukigusa damu ya mtu au hata rekodi zake, unahitaji idhini ya kamati ya maadili, na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Kamati hukaa kwa ratiba yake. Nimeona mwanafunzi akipanga kukusanya sampuli Februari na kibali kikafika Mei, mvua imeshanyesha, mbu wamebadilika, swali lake halina maana tena. Chagua swali dogo. "Bakteria kwenye noti za shilingi 50 za wachuuzi wa Kibuye" ni mradi unaoweza kuumaliza, na noti hazitii sahihi fomu ya ridhaa, ingawa wenye noti utawaomba.

Mimi ni Msabato. Maabara za Jumamosi je?

Ziko, hasa ratiba ikibanwa. Andika barua wiki ya kwanza ya muhula, iwe na barua ya mchungaji wako, na uombe kundi la siku nyingine. Ukienda Ijumaa jioni kuomba ruhusa, hata mhadhiri mwema atashindwa.

Naweza kuruka kuingia udaktari baadaye?

Kwa kawaida hapa Kenya utaanza mwaka wa 1 upya, na utashindania nafasi kama wengine. Utakuwa umejiandaa vizuri kuliko wao, lakini utakuwa na miaka 4 zaidi na pengine mkopo wa HELB. Usichague bayomedikali kama ngazi ya nyuma. Darasani kwetu, waliokuja wakiomboleza udaktari walichukua miaka 2 kuanza kusoma.

Kazi ziko?

Ziko, haba. Kaunti huajiri kwa matangazo yanayokuja kama mvua ya Turkana. Hospitali na maabara za watu binafsi huajiri zaidi, na mshahara hutegemea unavyojua kuuongea. Miradi ya utafiti Kisian, Kombewa, Siaya na Kericho ilikuwa ndoto ya kila mmoja wetu: mkataba wa mwaka 1, mafunzo mazuri, pesa nzuri. Lakini Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, miradi mingi ya VVU upande huu ilitikisika, na nawajua watu walioenda kazini Jumatatu wakarudi na sanduku. Kwa hivyo ukipata mkataba, usinunue gari. Jifunze ujuzi wa pili: kuchambua data kwa kompyuta, usimamizi wa ubora wa maabara, kuuza na kuhudumia mashine. Kampuni za vifaa vya maabara hutafuta mtu anayejua kueleza mashine kwa wenzake.

Ng'ambo wataitambua?

Kama shahada, ndiyo, na wengi huendelea na uzamili. Kama leseni, kila nchi ina mlango wake. Uingereza, cheo cha mwanasayansi wa bayomedikali kinalindwa na sheria. Huwezi kujiita hivyo kazini bila kusajiliwa na HCPC, baraza lao la taaluma za afya, na wao huangalia kama shahada yako inalingana na zile zinazotambuliwa na IBMS, taasisi ya wanasayansi hao. Marekani, jina hilohilo la kozi kwa watu wengi ni maandalizi ya kuingia udaktari. Hata huko swali la kuuliza ni lile lile la juu: nani atanisajili?

Nina diploma ya maabara ya KMTC (chuo cha mafunzo ya tiba), miaka 34, watoto 2, na zamu za usiku. Nimechelewa?

Dada, wewe ndiye niliyetaka kumwandikia. Unajua tayari mambo ambayo hawa watoto watajifunza kwa miaka 3. Uliza chuo kuhusu kuhamisha sehemu ya masomo yako, na ikiwezekana chagua sayansi ya maabara ya tiba, kwa sababu usajili wako upo tayari na shahada itakupandisha daraja. Takwimu zitakusumbua mwanzoni. Zamu badilisha na mwenzako mmoja unayemwamini, na umlipe kwa Krismasi.

Mwanangu yuko Gredi ya 10. Ajiandae vipi?

Mkondo wa STEM, na asiache kemia wala bayolojia. KCSE ya mwisho kwa mfumo wa zamani ni ya 2027, kwa hivyo masharti ya kuingia chuo kwa kundi lake yatakuwa mapya. Mpeleke siku moja aone maabara ya hospitali ya karibu. Omba ruhusa, wengi hukubali.

Ninunue nini kabla ya kuripoti?

Koti jeupe la mikono mirefu, viatu vilivyofunika vidole, kalamu za rangi za kuchora seli, kikokotoo. Usinunue hadubini, hata zile za bei rahisi za mtandaoni hazitakuonyesha pete ya malaria. Nunua penseli. Slaidi huandikwa kwa penseli kwenye ule upande wenye ukungu, kwa sababu methanoli hufuta wino. Slaidi yangu ya kwanza iliyotoka vizuri, ulimi mzuri, rangi safi, vimelea wazi kabisa, niliitoa kwenye rangi ikiwa nyeupe pale jina lilipokuwa, na hakuna aliyejua ni damu ya nani.